Kusalimisha au Kukabidhi? Uhakiki wa Msamiati wa Kiswahili kuhusu Bunduki ya Nyumbani kwa Mfano wa Juba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki maneno ambayo Kiswahili rasmi hutumia kumzungumzia raia anayeweka bunduki nyumbani kwa ajili ya kujihami. Mfano unaotumika ni jiji la Juba, makao makuu ya Sudan Kusini, nchi ambayo Kiswahili kinaingia kupitia shule, biashara na taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Misamiati mitatu inachunguzwa: kujihami, serikali (kwa kulinganishwa na hakuma ya Kiarabu cha Juba) na kusalimisha. Hoja kuu ni kwamba msamiati huu umejengwa juu ya dhana ya dola inayolinda, na kwamba humtwisha mwenye bunduki wajibu wote huku ukimwacha mpokeaji wa bunduki bila wajibu wowote. Makala yanapendekeza kitenzi kukabidhi kichukue nafasi ya kusalimisha katika matini za udhibiti wa silaha, na yanaeleza mipaka ya pendekezo hilo.

1.0 Utangulizi

Sudan Kusini ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2016. Tangu hapo mjadala wa kitaaluma kuhusu Kiswahili nchini humo umejikita zaidi katika shule, walimu na vitabu vya kiada. Mjadala huo ni wa lazima, lakini lugha haiingii katika nchi kwa mlango wa darasa pekee. Huingia pia kwa itifaki, kwa mafunzo ya pamoja ya polisi, kwa matangazo ya redio na kwa vikao vya ujirani mwema mipakani. Miongoni mwa nyanja ambazo kanda hii ina lugha ya pamoja iliyokomaa ni udhibiti wa silaha ndogo. Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha hizo ilitiwa saini Aprili 2004, na taasisi inayosimamia utekelezaji wake, RECSA, ina makao yake Nairobi. Watendaji wa nyanja hiyo wanapozungumza na wananchi wa Kenya na Tanzania, hutumia misemo ambayo msikilizaji wa redio anaifahamu kwa moyo: silaha haramu, umiliki kinyume cha sheria, kusalimisha silaha kwa hiari.

Makala haya yanauliza misemo hiyo inasema nini inapofika kwa mkazi wa Gudele, Munuki au Gumbo aliyeweka bunduki ndani kwa sababu haamini kwamba akipiga kelele usiku kuna atakayekuja. Hayamtetei mkazi huyo, wala hayamhukumu. Yanachohakiki ni lugha inayomtaja.

Tahadhari moja ya kimbinu ni muhimu. Kiswahili na Kiarabu cha Juba vimechota maneno mengi katika kisima kimoja, na mfanano huo hudanganya. Juba kuna mtaa uitwao Mia Saba. Msemaji wa Kiswahili husikia idadi ya 700, ilhali jina hilo ni la Kiarabu na maana yake ni 107. Sauti ni zilezile, hesabu ni nyingine. Ndivyo ilivyo pia kwa maneno ya silaha na mamlaka: mfanano wa umbo si hakikisho la mfanano wa maana.

2.0 Bunduki na Nyumba katika Muktadha wa Juba

Uhusiano wa eneo hili na bunduki ni wa kale kuliko dola yenyewe. Gondokoro, ng'ambo ya Mto Nile karibu na Juba ya leo, ilikuwa kituo cha wafanyabiashara wa pembe na watumwa katika karne ya 19, na misafara yao iliendeshwa kwa mtutu. Kiarabu cha Juba chenyewe kina asili katika kambi za kijeshi za enzi hiyo. Tawi lake lililohamia kusini pamoja na askari wa Emin Pasha ndilo Kinubi kinachosemwa hadi leo Kibera nchini Kenya na Bombo nchini Uganda. Kwa hiyo mawasiliano ya Kiswahili na lugha ya Juba yana zaidi ya karne moja, na yalianzia kambini.

Vita vya pili vya Sudan, vilivyoanza 1983 na kumalizika kwa mkataba wa Januari 2005, vilisambaza bunduki za kivita katika kila pembe ya kusini. Kwa makadirio ya shirika la utafiti la Small Arms Survey kwa mwaka 2017, raia wa Sudan Kusini walikuwa na silaha takriban 1,255,000, yaani karibu 10 kwa kila watu 100. Makadirio hayo kwa Kenya ni takriban 1.5 kwa kila watu 100, na kwa Tanzania hayafiki 1. Tofauti hiyo ina uzito kwa mhakiki wa lugha, kwa kuwa msamiati wa Kiswahili kuhusu silaha umekuzwa katika jamii ambazo nyumba yenye bunduki ni jambo la nadra, na sasa unapelekwa katika jamii ambayo jambo hilo ni la kawaida.

Wakazi wa Juba wana sababu za kutoichukulia nyumba kuwa mahali salama. Desemba 2012 mwandishi wa makala za magazeti Isaiah Abraham aliuawa kwa risasi nyumbani kwake. Mapigano yalipolipuka jijini tarehe 15 Desemba 2013, upekuzi wa nyumba kwa nyumba uliambatana na mauaji ya watu waliotambuliwa kwa kabila lao, kama ilivyoelezwa na tume ya Umoja wa Afrika iliyoongozwa na Olusegun Obasanjo. Maelfu ya wakazi walinusurika kwa kuziacha nyumba zao na kukimbilia kambi za Umoja wa Mataifa. Julai 2016 mapigano yalirudi. Katika historia kama hii, tahadhari kabla ya hatari haibaki methali ya kufundishia watoto. Inakuwa hesabu ya kila jioni.

3.0 Kujihami: Kitenzi Kilichohamia kwa Mshambuliaji

Kiswahili kina vitenzi vitatu vinavyoweza kumfaa mtu huyu: kujilinda, kujitetea na kujihami. Kujilinda ni kipana mno; mtu hujilinda na malaria, na baridi, na hasara. Kujitetea kimeelekea kwenye maneno, hasa mahakamani na katika mabishano. Kinachobaki ni kujihami, chenye asili ya Kiarabu inayohusu himaya, yaani kuweka chini ya ulinzi. Kwa asili yake, kitenzi hiki kingekuwa ndicho hasa cha mwenye nyumba anayezuia hatari isimfikie.

Matumizi ya vyombo vya habari, hata hivyo, yamekihamisha. Sentensi ya kawaida ya taarifa ya habari husema kwamba majambazi waliojihami kwa bunduki wamevamia duka au nyumba. Katika sentensi hiyo anayejihami ndiye anayevamia. Kitenzi kimepoteza wazo la hatari inayozuiwa na kubaki na wazo la kubeba silaha tu. Mabadiliko ya maana ni jambo la kawaida katika lugha, na hakuna sababu ya kuyalalamikia kwa kuwa tu ni mabadiliko. Lakini athari ya badiliko hili ni bayana. Mkazi wa Munuki akisema kwa Kiswahili kwamba amejihami kwa bunduki, amejieleza kwa sentensi ya jambazi. Lugha haimpi njia fupi ya kutofautisha alichokusudia na kile anachokiogopa.

Upande wa pili wa sentensi hiyo una tatizo lake. Vyombo vya habari vya Juba vinavyoandika kwa Kiingereza vimezoea kuwataja wauaji wa usiku kama watu wenye silaha wasiojulikana. Kiswahili hakikuhitaji kutafsiri, kwa sababu kilikuwa na msemo wake tayari. Nchini Tanzania maneno "watu wasiojulikana" yalipata uzito mpya wa kisiasa mwaka 2017, hasa baada ya mbunge Tundu Lissu kupigwa risasi Dodoma tarehe 7 Septemba. Kisarufi, wasiojulikana ni kirejeshi cha kauli ya kutendeka kisicho na mtenda. Hakisemi ni nani asiyewajua, wala ni nani aliyepaswa kuwatafuta. Kutojulikana, ambako ni matokeo ya uchunguzi ambao haukufanyika au haukufika mwisho, kunageuzwa kuwa sifa ya mhalifu mwenyewe, kama vile urefu au rangi ya nguo zake. Pale ambapo anayeshambulia hana jina na anayejizuia hana kitenzi, hoja ya kuweka bunduki chini ya kitanda hupata nguvu bila mtu yeyote kuitetea waziwazi.

4.0 Serikali, Hakuma na Nyumba

Msamiati wa udhibiti wa silaha hutegemea neno moja ambalo huwa halifafanuliwi: serikali. Silaha haramu ni ile isiyoidhinishwa na serikali; silaha husalimishwa serikalini. Katika Kiarabu cha Juba nafasi hiyo inachukuliwa na hakuma. Neno hilo linatokana na mzizi wa Kiarabu uleule uliokipa Kiswahili hukumu, hakimu, mahakama na hekima. Kiswahili kimeutumia mzizi huo kwa mambo ya haki na busara, na kwa mamlaka ya utawala kikachukua neno lenye asili ya Kiajemi. Juba, mzizi huo ndio utawala wenyewe, na kihistoria utawala huo ulifika ukiwa na bunduki.

Mwanahistoria Cherry Leonardi, katika makala yake ya mwaka 2007 kuhusu vijana wa Sudan Kusini, alionyesha kwamba watu huyapanga maisha yao kati ya nguzo mbili: hakuma na nyumba. Hakuma katika matumizi hayo inajumuisha jeshi, waasi, ofisi na mji. Nyumba ni ukoo, mifugo na wajibu wa kijamaa. Mwanaanthropolojia Sharon Hutchinson naye, katika kitabu chake cha mwaka 1996 kuhusu Wanuer, alieleza jinsi ndugu walivyochangiana ng'ombe kununua bunduki na kuimiliki kwa pamoja, na jinsi bunduki ilivyoingia katika mahari. Alieleza pia kwamba wakati wa vita viongozi waliwashawishi wapiganaji kuitofautisha vita ya serikali na vita ya nyumbani, wakidai kwamba kuua katika ile ya kwanza hakuleti unajisi wa damu unaohitaji kutakaswa. Neno la Kinuer la serikali katika tofauti hiyo, kume, limetoka katika hakuma hiyohiyo.

Kutokana na kazi hizi mbili, mhakiki wa Kiswahili anapata swali ambalo sheria haiulizi: bunduki iliyo ndani ya nyumba fulani ya Juba ni ya hakuma au ni ya nyumba? Mara nyingi jibu ni yote mawili. Wanajeshi na polisi wengi wanaishi mitaani pamoja na raia na hurudi nyumbani na silaha zao. Mkataba wa amani uliohuishwa wa Septemba 2018 ulitaka majeshi yaondolewe katika maeneo ya raia na kukusanywa kambini kwa sababu hiyo, na utekelezaji wake umekuwa wa kusuasua. Bunduki ya dola hulala nyumbani, na ya nyumbani huitwa vitani.

Kiswahili kinaongeza utata kwa neno askari. Askari ni mwanajeshi, ni polisi, ni mlinzi wa lango, ni mgambo, ni mlinda magereza. Msikilizaji wa Mombasa au Mwanza huchambua maana kwa muktadha bila taabu. Kwa mtu anayesikia hodi saa nane za usiku kutoka kwa mwanamume mwenye sare, kuchambua huko ndiko kunakoamua afungue mlango au asifungue. Neno linalomweka mlinzi na mvamizi anayeweza kuwa mvamizi katika nomino moja linahitaji kifafanuzi kila linapotumiwa katika matini za usalama.

5.0 Kusalimisha: Salama ya Nani?

Kitenzi kikuu cha Kiswahili cha udhibiti wa silaha ni kusalimisha. Kina mzizi mmoja na salama, salimu na salamu. Kimsingi kinaweza kumaanisha kufanya kitu au mtu kuwa salama, na kinaweza kumaanisha kutoa kitu kwa mwenye nguvu, maana iliyo jirani na kusalimu amri. Wito wa kusalimisha silaha kwa hiari hukusanya maana zote mbili kwa wakati mmoja: toa, nawe utakuwa salama. Huo ndio uzuri wake kama kaulimbiu. Kasoro yake ni kwamba ahadi iliyomo ndani haina mtu aliyeitoa.

Historia ya karibuni ya Sudan Kusini ni historia ya ahadi hiyo kukosa mwenyewe. Maamuzi yalifanywa Juba, na matokeo yake yakaonekana majimboni, kisha yakarudi Juba pamoja na watu waliokimbia. Kati ya Januari na Mei 2006 jeshi la SPLA lilifanya kampeni ya kuwapokonya silaha Wanuer wa Lou katika jimbo la Jonglei. Bunduki zaidi ya 3,000 zilikusanywa, na kwa makadirio ya Small Arms Survey watu wapatao 1,600 walipoteza maisha. Walionyang'anywa walilalamika kwamba majirani zao waliendelea kuwa na silaha. Mwaka 2012 kampeni nyingine katika jimbo hilo iliambatana na ukiukaji wa haki za raia ulioandikwa na mashirika ya haki za binadamu. Agosti 2020, huko Romich katika eneo la Tonj, jaribio la kukusanya silaha liligeuka mapigano yaliyoua watu zaidi ya 70, wanajeshi na raia.

Katika kila tukio mwenye bunduki alitajwa na kudaiwa. Mpokeaji wa bunduki hakudaiwa ulinzi wa aliyetoa, hesabu ya kilichopokelewa, wala maelezo ya kilikopelekwa. Kusalimisha ni kitenzi kinachoruhusu hali hiyo, kwa kuwa kinamwangalia mtoaji peke yake. Kinapounganishwa na kwa hiari, huku operesheni ya nguvu ikitangazwa kuwa ndiyo itakayofuata, hata hiari hubadilika maana na kuwa muda wa kungojea nguvu.

6.0 Kikulacho Ki Nguoni Mwako

Uhakiki unaoishia hapo ungekuwa umemwachia mwenye bunduki ushindi wa bure. Lugha ya nyumbani nayo ina kiini macho chake. Mwenye silaha huiita mlinzi, na neno hilo linaipa bunduki hiari na uaminifu ambao haina. Mlinzi wa kibinadamu humtambua mtoto wa nyumba. Bunduki haimtambui.

Utafiti wa Arthur Kellermann na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 1993 uligundua kwamba kuwapo kwa bunduki nyumbani kuliambatana na uwezekano mkubwa zaidi, karibu mara 2.7, wa mtu kuuawa ndani ya nyumba hiyo, na kwamba wauaji wengi walikuwa jamaa au watu wanaofahamika. Utafiti huo umepingwa kwa hoja za kimbinu, na hauwezi kupandikizwa Juba kama ulivyo. Mitaa iliyochunguzwa ilikuwa na polisi wanaoitika simu. Mahakama Kuu ya Marekani nayo ilitamka mwaka 2008, katika kesi ya Heller, kwamba katiba ya nchi hiyo inalinda haki ya kuwa na bastola nyumbani kwa kujihami. Mjadala wa Marekani unahusu haki mbele ya dola yenye nguvu. Wa Juba unahusu woga mbele ya dola isiyotabirika. Hata hivyo, kiini cha matokeo ya Kellermann hakihitaji takwimu za Juba ili kieleweke: silaha iliyo karibu hufupisha safari kati ya hasira na kifo.

Juba ina mifano yake. Juni 2020 ugomvi wa kiwanja katika mtaa wa Sherikat uliishia kwa raia kuuawa kwa risasi. Jirani aliyegombana na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja si mtu asiyejulikana. Anajulikana kwa jina na kwa mlango. Bunduki inayowekwa kwa ajili ya wale wasiojulikana huishia mara nyingi kutumika kwa wanaojulikana: ndugu, mke, mdai, jirani. Methali ya kikulacho inatoa onyo ambalo neno mlinzi linaficha. Lugha inayomtendea haki mkazi wa Juba inapaswa kuyabeba yote mawili: kwamba woga wake una msingi, na kwamba dawa aliyoichagua ina sumu.

7.0 Kukabidhi: Pendekezo na Mipaka Yake

Kiswahili kina kitenzi kinachoweza kuibeba kazi hiyo vizuri zaidi. Kukabidhi ni kutoa kitu mikononi mwa mtu ambaye kwa kupokea tu anakuwa na wajibu juu yake. Ofisi hukabidhiwa kwa orodha na saini. Mali ya marehemu, kwa istilahi ya Tanzania, huweza kusimamiwa na Kabidhi Wasii. Hakuna makabidhiano yasiyo na pande mbili, na umbo la nomino hiyo, lenye kauli ya kutendana, linayasema hayo waziwazi. Usalimishaji hauna umbo la jinsi hiyo linalotumika kwa silaha, kwa kuwa haukukusudiwa kuwa na upande wa pili.

Tangazo linalosema raia wakabidhi silaha linalazimika kueleza wanamkabidhi nani, mbele ya nani, kwa hati gani, na mpokeaji atawajibika kwa nini iwapo nyumba ile itavamiwa wiki inayofuata. Sheria ya Silaha ya Sudan Kusini ya mwaka 2016, inayoweka utaratibu wa leseni, na ofisi ya kitaifa ya usalama wa jamii na udhibiti wa silaha ndogo vinatoa mahali pa kuyaandika majibu hayo.

Pendekezo la pili ni kutenganisha silaha haramu na silaha isiyosajiliwa. Bunduki iliyoibwa ghalani au kutumika katika ujambazi na bunduki ambayo ndugu waliichangia kabla ya nchi kuwa na sheria yoyote ya usajili hazistahili kivumishi kimoja. Neno haramu, lenye uzito wake wa kidini, humhukumu mtu kabla hajafika mezani pa kuisajili au kuikabidhi.

Pingamizi la wazi ni kwamba neno haliondoi risasi chemba. Ni kweli. Serikali inaweza kukiteka kitenzi kukabidhi kama ilivyokiteka kile kingine, na baada ya operesheni mbili kikachakaa vilevile. Lakini istilahi ya sheria hufanya kazi moja ambayo kaulimbiu haifanyi: humpa mwananchi neno la kudai. Aliyesalimisha hana la kuuliza. Aliyekabidhi anaweza kuuliza stakabadhi yake iko wapi.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba msamiati wa Kiswahili kuhusu bunduki ya nyumbani umempa mshambuliaji kitenzi cha mwenye kujilinda, umewapa wauaji sifa ya kutojulikana badala ya kumdai anayepaswa kuwajua, na umeificha ahadi ya usalama ndani ya kitenzi kisicho na mwahidi. Katika jamii ambazo msamiati huo ulikulia, mapengo haya hufichwa na uzoefu wa kila siku wa dola inayofika, hata kama huchelewa. Juba inayafichua.

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki yenye makao yake Zanzibar, pamoja na mabaraza ya kitaifa, inaandaa istilahi ambazo vijana wa Sudan Kusini watazikuta katika vitabu vyao. Wengi wa vijana hao walikisikia Kiswahili kwa mara ya kwanza ukimbizini, Kakuma au Uganda, kwa hiyo kwao ni lugha ya mahali walipopata hifadhi. Itakuwa hasara kubwa iwapo watakutana nacho tena nyumbani kikiwa lugha ya operesheni, kinachojua kuamuru mlango ufunguliwe na hakijui kusema ni nani atakayeulinda ukishafunguliwa.